Mdundo wa Mgeni

Yarim,
9 Rajab, 1386

Kwako dada yangu Ghalia, mama Najiba, mtaa wa Kreta, Aden.

Assalaam alaykum. Kabla ya jambo lolote nauliza hali yako, na hali ya kifua chako ambacho najua hakipatani na joto la huko, na mgongo wa shemeji Thabiti ambao magunia ya bandarini hayauachi upumzike. Namuuliza na binti yetu Najiba, maana yeye ndiye anayekusomea haya. Najiba mwanangu, soma polepole. Mama yako akikuambia acha, usiache. Mwambie mjomba wako ameomba asikilizwe mpaka mwisho, na kwamba tangu mama yako aolewe hajawahi kumwomba kitu kingine.

Ukinijulia hali, mimi mwili ni mzima. Nipo Yarim, katika nyumba wanayolala madereva wa malori. Asubuhi nanyoa vichwa, jioni nang'oa meno, na katikati nasikiliza uongo wa madereva, ambao ni mwingi na mtamu. Chakula kipo. Baridi ipo zaidi.

Najiba akitazama vizuri ataona kwamba huu si mwandiko wa Fakihi Luthfi, aliyekuwa akituandikia barua zetu zote na kujaza nusu ya ukurasa kwa dua zake mwenyewe. Huu ni mwandiko wangu. Ndiyo, Ghalia, mimi Hizam, mpiga ngoma mtoto wa mpiga ngoma, nimeshika kalamu. Mistari inapanda na kushuka kama mbuzi wa mlimani, na pale palipofutwa ndipo nilipokosea. Nina miaka thelathini na minane na hii ni barua yangu ya kwanza duniani. Aliyenifundisha utamjua mbele, maana ndiye chanzo cha yote.

Dereva Shamsani alinifikishia ujumbe wako. Maskini, alisimama mlangoni akizungusha kilemba chake mikononi, akasema yeye kazi yake ni kubeba vitunguu na si maneno kama yale. Nikambana mpaka akayatoa. Akasema umesema hivi: "Mwambie sina ndugu tena. Nilikuwa na wadogo zangu wawili, na wote wawili walikufa sokoni Alhamisi ile." Nilimshukuru, nikamkaribisha chai, naye hakuinywa.

Najua ulichosikia. Umesikia kwamba mbele ya mwamuzi na makabila matatu, mdogo wako aliweka mkono juu ya msahafu akaapa kwamba alimkaribisha askari wa Kimisri kwa kusudi, akili zake timamu. Na Wamisri ndio wenye ndege zilizomuua Musid wetu. Umesikia kweli, niliapa hivyo. Sikulaumu kwa hasira yako. Ningekuwa wewe, ningesema makubwa kuliko hayo. Lakini wewe umesikia mwisho wa mambo bila mwanzo wake, na mwanzo ni huu.

Tangu ushuke Aden, bendera juu ya nyumba ya Sheikh Jarallah imebadilika mara tano. Mwaka wa kwanza wa vita tulikuwa watu wa jamhuri, kwa sababu Wamisri walifika na redio. Kisha tukawa watu wa Imamu, mfalme aliyepinduliwa, kwa sababu ngamia walivuka mpaka kutoka kaskazini wakiwa na bunduki mpya, bado zinateleza kwa mafuta. Kisha jamhuri tena, kwa sababu ya unga. Kisha Imamu, kwa sababu jirani zetu wa kwa Sheikh Muthanna walikuwa wamekwenda jamhuri, na sisi hatuwezi kuwa upande mmoja na watu wale. Walipohamia kwa Imamu, ikawa fedheha, tukakaa nao hivyo hivyo tukitazamana kwa jicho la pembeni. Mke wa Sheikh, Bi Katiba, alisema kisimani wazi wazi kwamba amechoka kushona, na kwamba safari nyingine atapandisha shuka la kitanda, kila mtu aone humo anachotaka kukiona.

Usinione nacheka. Mimi jambo hili linanishangaza mpaka leo. Mlimani kwa Imamu kuna Mzungu mwenye ndevu nyekundu, amefunga kilemba, anazungumza siku nzima na sanduku lenye waya. Bondeni wapo Wamisri kwa maelfu, na ndege wanazorusha zimetengenezwa na Warusi, ambao nao nasikia wako mjini Sanaa wakinywa maji kwenye chupa. Nchi yetu, ambayo baba alikuwa akisema hata mvua inaisahau! Nilikuwa nikisimama juu ya paa, natazama moshi huku na vumbi kule, nasema subhanallah, watu wote hawa walituonea wapi?

Najiba amezaliwa Aden, hajui kazi ya babu yake, basi nimweleze kidogo. Sisi wapiga ngoma hatuvai jambia, hatuoi kwa watu wa kabila, na kwenye karamu tunakaa karibu na viatu. Mtu wa kabila hagusi ngoma hata kwa ncha ya kidole, maana itamshusha. Lakini pia hakuna anayeruhusiwa kutupiga risasi, vita viwe vikali vipi, kwa sababu sisi ni ulimi wa kijiji. Tunapiga midundo mitatu. Upo wa vita, ambao ngoma kubwa huanza kwa kishindo na ndogo ikafuata. Upo wa wito, wa kuwashusha watu kutoka kwenye matuta waje kuzika. Fakihi Luthfi hunung'unika kila mara kwamba dini haiutambui, na kila mara huwa wa kwanza kufika. Na upo wa mgeni. Huo huanza na ngoma ndogo peke yake, taratibu, kisha kubwa ikaingia chini yake. Ukishasikika, yeyote anayekuja njiani yuko usoni mwetu. Ndivyo tunavyosema. Hata kama jana alimuua mtoto wa Sheikh, leo atakayemgusa amekikata kijiji kizima uso, na aibu hiyo vitukuu wataikuta. Mimi nilipiga kubwa baada ya baba. Ndogo, unajua mwenyewe nani aliipiga kwanza, na nani alirithishwa siku ulipoolewa.

Sasa siku yenyewe. Ilikuwa asubuhi ya mwezi wa Safar mwaka jana, anga safi, na sisi tulikuwa wa Imamu. Tukasikia ndege. Ndege tulikwisha kuzizoea, watu wakaingia mapangoni kama kawaida, mimi na Musid tukapanda juu ya paa na ngoma zetu. Lakini hii haikutupa kitu. Ilizunguka juu ya mgongo wa mlima, nzito, polepole, na mlango wake ukafunguka ubavuni. Nikamwona mtu anatoka. Ghalia, nilimwona kwa macho yangu mtu anatoka ndani ya ndege na kuja hewani. Nikasema huyu kasukumwa. Akatoka wa pili, wa tatu, wakawa kumi na wawili. Kisha juu ya kila mmoja kitambaa kikachanua, cheupe, kikubwa kuliko hema la harusi, na kuanguka kukageuka kuwa kushuka.

Sijawahi kuona kitu kama kile, na sitaki kukiona tena, na kila siku natamani kukiona tena. Walikuwa kimya. Ndege ilishaondoka, upepo tu ndio uliobaki, na watu wale wakiteremka juu ya mtama wetu wameshika kamba kwa mikono miwili, miguu yao inaning'inia. Bibi mmoja pangoni, niliambiwa baadaye, alianza kulia akidai Kiyama kimefika na yeye hajakunja nguo zake za sala. Sheikh Jarallah alikuwa uani na watu thelathini, bunduki zote zimeelekezwa juu, akapiga kelele kwetu juu ya paa: "Vita! Hizam! Musid! Pigeni vita, mlaaniwe nyinyi!" Sisi tulikuwa tumeinama nyuma ya ukuta wa paa, ngoma mbele yetu, hakuna anayetuona.

Na kutoka juu ya paa letu ukatoka mdundo wa mgeni.

Nitalirudia hilo. Kwa sasa jua tu kwamba bunduki thelathini zilishuka, moja baada ya nyingine. Nilichungulia nikamwona Sheikh amesimama mdomo wazi, kidole bado kwenye bunduki, na akakitoa. Kumi na mmoja walichukuliwa na upepo wakaangukia bonde la pili, wakapata njia ya kwenda kwao. Mmoja aliangukia kwenye mirungi ya Sheikh mwenyewe, akavunja matuta mawili na mguu mmoja.

Sheikh alitupandia juu ya paa akiwa na fimbo. Lakini yule mzee unamjua, akili yake hukimbia kuliko hasira yake. Alipofika ngazi ya mwisho alikuwa keshapiga hesabu zake. Akashusha fimbo, akasema kwa sauti ya kusikika mpaka uani kwamba tumefanya vyema kutii amri yake. Baada ya siku sita magari ya Wamisri yakaja na shukrani, unga na bunduki, kwa kijiji kilichompokea askari wao. Bi Katiba akaanza tena kushona.

Askari wenyewe walitaka kumchukua majeruhi wao, Sheikh akasema mguu haujaiva. Kila walipouliza, mguu haujaiva. Alitaka amana mkononi endapo marafiki wangebadilika. Kwa kuwa kuunga mifupa ni kazi yangu, mgeni akawekwa nyumbani kwetu, na hivyo mimi na Musid tukaishi naye miezi saba. Jina lake Abdulmaujudi, mwalimu wa shule ya kijijini huko kwao karibu na Damanhur. Walimtoa mbele ya ubao, wakamfundisha kuruka kwa wiki tatu, wakamleta kwetu. Aliniambia kwamba mlango wa ndege ulipofunguka aliuona mlima wetu, akafikiri wamekosea njia wamempeleka mwanzo wa dunia. Alikuwa muoga wa nge, mlaji wa maharage, na hakuweza kukaa bila kufundisha. Alinifundisha mimi herufi kwa mkaa, juu ya magunia ya unga. Nikikosea alisema, "Ya Hizam, alifu yako imelewa." Musid hakutaka herufi. Yeye alimfundisha Mmisri ngoma ndogo, na akikosea alimwambia, "Ya ustadhi, unapiga kama mtu anayefukuza nzi." Wakacheka hao mpaka watu wa kabila wakaja kuuliza kuna nini.

Ghalia, sikumpenda mtu yule kwa sababu ni Mmisri, wala sikumchukia kwa hilo. Alikuwa nyumbani.

Kisha Alhamisi ile. Musid alikwenda soko la bondeni kutafuta ngozi mpya ya ngoma ndogo. Watu wa Muthanna nao walikuwa sokoni na bunduki, na mtu fulani akawaambia Wamisri, na ndege zikaja saa nne asubuhi wakati soko limejaa. Sisi tulikuwa rafiki zao siku hiyo, bendera yao iko juu ya nyumba ya Sheikh wetu. Bomu halikuiangalia bendera. Walimleta Musid juu ya mlango uliong'olewa. Uso wake haukuwa na kitu, dada, hilo nakuapia bila wasiwasi, alikuwa kama aliyelala. Ngozi aliyoinunua ilikuwa bado imekunjwa chini ya kwapa lake.

Nilimwosha mwenyewe. Nikaingia ndani, nikamkuta Mmisri amesimama, ameegemea ukuta, gongo lake kwapani. Alikuwa keshajua. Nilikuwa na wembe wa kunyolea mkononi. Nitakwambia kila kitu maana nimeahidi: nilimtazama koo. Naye aliona ninapotazama, hakusogea.

Nikatoka nikapanda juu ya paa kupiga wito. Hapo ndipo nilipokumbuka kwamba wito hupigwa na ngoma mbili. Niliweka kubwa mbele yangu, ndogo ikakaa upande wake wa kila siku, na nyuma yake hapakuwa na mtu. Watu wa kabila walikuwa uani wanalia, wengine walimpenda Musid kweli kweli, lakini hakuna hata mmoja ambaye angeigusa ngoma. Nisingewalaumu. Ndivyo walivyozaliwa. Nikaanza peke yangu, nusu ya wito, na juu ya matuta watu wakasimama na majembe yao, hawaelewi wanaambiwa nini.

Basi nikasikia gongo kwenye ngazi. Ngazi zile arobaini na mbili, mguu mbovu. Alipanda, akaketi mahali pa Musid, akaokota vijiti vya Musid, akaniangalia, nami nikaanza upya. Akapiga, Ghalia. Mtu aliyetoka mbinguni mbele ya macho yangu, mwalimu, askari wa taifa kubwa, alikaa karibu na viatu na kumpigia mpiga ngoma ngoma yake ya kuzikwa, na hakukosea hata pigo moja. Watu wakateremka matuta yote, hata wa ng'ambo. Machozi yalimwingia ndevuni, hakuyafuta kwa kuwa mikono ilikuwa na kazi. Nimeona watu wakishuka kutoka angani, na nakwambia kushuka kule hakukunishangaza nusu ya kupanda kule.

Baada ya maziko Sheikh Jarallah alirudi kwa Imamu, safari hii kwa hasira ya kweli. Na mara Sheikh Muthanna, ambaye alizika wanawe wawili kutoka soko lile lile, akaja na watu mia mbili kudai Mmisri. Hoja yake ilikuwa fupi. Alisema yule si mgeni na hakuwahi kuwa mgeni, kwa sababu siku ile kijiji kilikuwa vitani na Sheikh aliamuru vita; watu walimsikia. Jarallah, aliyekuwa akihitaji kujisafisha mbele ya Imamu, akakubali. Akasema ni kweli, aliamuru vita, mpiga ngoma wake ndiye aliyekosea kwa woga. Ajabu ni kwamba kwa mara ya kwanza katika miaka minne mzee yule alikuwa anasema ukweli.

Waliitwa watu wa makabila matatu, na mwamuzi Dughesh, mzee wa kwa Bani Sahl asiyeona vizuri lakini anayesikia mpaka sisimizi. Kila upande uliweka jambia zake mbele yake kuwa dhamana. Mimi nikaitwa katikati. Dughesh akanieleza taratibu, kama anavyoelezwa mtoto, ili nisije nikasema sikujua. Akasema ikiwa mdundo ulipigwa kwa kosa, basi ni kelele tu, hauna uso ndani yake, na Mmisri ni wa Muthanna. Ikiwa mpigaji aliupiga akijua anachokifanya, neno la ulimi limeshatoka, limekifunga kijiji, na mgeni ni mgeni mpaka afikishwe kwao salama. Lakini mpigaji huyo amemwasi Sheikh wake wakati wa vita. Ngoma yake itapasuliwa hadharani na yeye ataondoka, na hatarudi. Akasema tena kwamba kiapo ni cha aliye hai. Maiti hana kiapo, wala hakuna wa kuapa badala yake.

Muthanna akanisogelea. Hakunitisha. Alisema kwa upole, na upole wake ndio uliouma: "Hizam, mimi na wewe tuna wafu wa bomu moja. Sema tu uliogopa. Nani hatakuelewa? Neno moja, kijana wangu, na Musid amelipiwa."

Nikamtazama Mmisri. Alikuwa ameketi jua kali likimpiga, ametulia, anasogeza midomo. Nilidhani anasali. Aliniambia baadaye alikuwa anarudia majina ya wanafunzi wake wa darasa la tatu.

Nikaweka mkono juu ya msahafu. Nikasema wallahi, mimi Hizam bin Muqbil niliupiga mdundo ule kwa kusudi, nikijua, na ningeupiga tena. Ngoma ya baba ilipasuliwa pale pale kwa jambia. Ilitoa sauti ndogo sana, huwezi kuamini ngoma kubwa vile. Ngoma ndogo nayo waliichukua, Dughesh akauliza ni ya nani, watu wakasema ya marehemu Musid, akasema warudishe, marehemu hana hatia.

Na desturi yetu ni kwamba aliyeshindwa shauri ndiye anayemsindikiza mgeni. Muthanna alimwinua Mmisri kwa mikono yake, akampandisha punda wake mwenyewe, akatembea mbele siku mbili katikati ya watu ambao wangelipa chochote kumchinja, akisema kila bonde, "Huyu yuko usoni mwangu." Wazee waliofiwa walisimama pembeni ya njia. Mmoja alitema mate chini. Kisha akaenda kumtafutia punda maji. Nami nilikuwa nyuma, natembea, nikishangaa kuona watu wanaweza kuwa wakubwa hivi. Mpakani, walipoanzia walinzi wa jeshi lake, Mmisri alinishika kichwa akanibusu paji la uso. Muthanna alipogeuza punda akaniuliza kama kweli sikuogopa siku ile. Akasema, "Mimi nilikuwa kilele cha pili. Bunduki ilinianguka." Akaenda zake.

Sasa nimefika pale nilipoahidi kurudi, na mkono umechoka, na herufi zimelewa kweli.

Ghalia, niliapa uongo. Najua uzito wake. Nimefunga siku tatu, nikaogopa hazitoshi, nimefunga nyingine thelathini, na bado sina hakika. Siku ile juu ya paa sikupiga kwa kusudi. Wala sikukosea. Mimi sikupiga chochote. Nilipowaona wale watu wakichanua angani, mikono yangu ilikufa. Sheikh anapiga kelele vita, vita, nami nasikia na siwezi kuinua kijiti. Ikiwa kuna aibu katika habari hii, ndiyo hiyo.

Wewe ni binti wa mpiga ngoma. Watu wa kabila hawajui ngoma inavyoanza, hawakai karibu, hawasikilizi. Lakini wewe unajua. Mdundo wa mgeni nani huuanza?

Alianza Musid. Aliinua vijiti kabla sijamwahi, ametabasamu, macho juu, akaupiga polepole kama ulivyomfundisha wewe ulipokuwa na miaka kumi na mbili na yeye sita, umemkalisha mapajani. Alipiga akijua. Mikono yangu ilipofufuka ilimfuata tu, kubwa humfuata ndogo. Baadaye nilimkamata shati nikamwuliza kama ana wazimu. Akaniambia: "Kaka, walikuwa wameshika kamba kwa mikono miwili. Mtu ambaye hata mkono wa kujikinga hana, ningempigia nini kingine?"

Hakuwa mgeni wangu, dada. Alikuwa mgeni wa Musid. Ningesema ni kosa, ningemuua mgeni wa ndugu yangu juu ya kaburi lake bichi. Ningesema ni Musid, maiti hana kiapo, na Mmisri angekufa, na Musid angeitwa msaliti kila penye kisima. Kwa hiyo nilichukua alichokifanya nikakivaa, na watu sasa wanadhani mimi ni shujaa au mwanaharamu, kutegemea bendera yao ya wiki hii. Vyote ni vya kuazima. Wewe peke yako na Najiba ndio mnaojua, na naomba yabaki hapo, kwa sababu kiapo changu kikianguka uso wa kijiji unaanguka nacho.

Pamoja na barua hii Shamsani atakuletea ngoma ndogo. Nimeiwamba ngozi ile aliyoinunua mwenyewe.

Nitashuka Aden Ijumaa ya mwisho ya mwezi huu, inshallah. Baada ya sala nitakuwa chini ya mtaa wenu, kwa muuza kahawa. Sitabisha hodi, maana umesema huna ndugu na nyumba ni yako. Kubwa imepasuliwa, na hata kama ingekuwa nzima, si yenyewe inayoanza. Nitakaa pale nisikilize.

Msalimie shemeji Thabiti. Mwambie Najiba herufi zake alizoziandika mwisho wa barua ya mwaka jana, ambazo sikuweza kuzisoma wakati ule, nimezisoma sasa. Aliandika, "Wajomba zangu, njooni." Mungu akuweke, akupunguzie kifua.

Mimi mdogo wako aliyebaki,

Hizam bin Muqbil